Elimu ya Moto Haitolewi Siku ya Moto
Historia fupi ya vijana, msitu na mlima wetu



Katika kijitabu cha mwaka huu tumeona kurasa za historia zizungumzie jambo moja ambalo wengi wetu hatukulipa uzito mpaka tulipoona moshi juu ya vihamba vyetu. Jambo hilo ni namna vizazi vilivyotangulia vilivyowafundisha vijana wa umri wa sekondari kuingia msituni, kukaa huko, kukabili moto na baridi, na kurudi nyumbani wazima. Tunaandika kwa sababu mwaka huu chama kinaombwa kuchangia mafunzo ya aina hiyo, na ni haki ya mchangiaji kujua jambo analolichangia limetoka wapi.

Kijana aliyeijua njia

Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Vitabu vya Ulaya viliandika majina hayo mawili. Huku Marangu tunalo jina la tatu, la Yohani Kinyala Lauwo, ambaye simulizi ya kwetu inasema ndiye aliyewaongoza wageni wale kupita msituni wakati wa Mangi Marealle. Wakati ule alikuwa kijana tu. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1989, jina lake likatajwa kwa heshima katika sherehe za ukumbusho wa safari ile.

Swali ambalo watoto wetu hawaliulizi ni hili: kijana yule aliijulia wapi njia? Hakuwa na ramani wala hakusoma shule ya upandaji milima. Aliijua kwa sababu kijana wa zama zake alipelekwa msituni na wakubwa. Huko kulikuwa na asali, dawa, mbao na nyama. Aliyefuatana na baba au mjomba kuning'iniza mizinga alijifunza mto upi hauvukiki baada ya mvua, pango lipi linafaa kulala, na upande gani upepo unageukia jioni. Alijifunza pia kubeba moto. Warina asali walitumia moshi kuwatuliza nyuki, na mtu aliyekwenda na moto msituni alipaswa kujua namna ya kuuwasha, kuubeba na kuuzima. Elimu hiyo haikuwa na cheti, lakini ilikuwa na mtihani, na aliyefeli msituni alifeli kweli.

Mafundisho ya kambini na kazi ya mfongo

Zaidi ya malezi hayo ya kila siku, Wachagga walikuwa na mafundisho rasmi ya kuwavusha vijana kutoka utoto kwenda utu uzima. Wavulana walikaa kambini mbali na nyumbani, wakivumilia baridi na njaa, huku wazee wakiwafundisha kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa fimbo yenye alama za kuchonga, kila alama na somo lake. Wasichana walikuwa na mafundisho yao. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi, aliyakusanya mafundisho hayo katika vitabu vitatu vilivyochapishwa Ujerumani kati ya mwaka 1932 na 1938. Alipokuwa akiyaandika, mengi yalikuwa tayari yanafifia.

Hatusemi yote yarudi. Yalikuwamo mambo makali ambayo mzazi wa leo hawezi kuyakubali, na ni vema yaliachwa. Lakini ndani yake kulikuwa na kanuni moja nzuri: kijana afundishwe hatari kabla haijamkuta, akiwa na wenzake wa rika moja, chini ya macho ya mtu mzima anayeijua. Samaki mkunje angali mbichi.

Shule ya pili ilikuwa mfongo. Mababu zetu walichimba mifereji kutoka mito ya msituni hadi vihambani, na wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliikuta ikifanya kazi. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe. Siku ya kazi ilipotangazwa, kila nyumba ilitoa mtu, na nyumba ambayo haikutoa mtu ililipa faini. Vijana walipanda na wanaume hadi kwenye chanzo kuzibua, kuinua kingo na kuondoa magogo. Kwa hiyo kijana alijifunza kwa mikono yake kwamba maji ya shambani kwao yanaanzia kwenye msitu ule, na kwamba msitu ukiharibika, mfongo hukauka.

Na pale moto ulipozuka, penye nyumba au penye kihamba, ilipigwa yowe. Aliyesikia hakuuliza ni kwa nani. Alishika panga au tawi bichi akaenda. Desturi hiyo bado ipo, na tunamshukuru Mungu kwamba ipo. Kilichopungua ni ujuzi wa yule anayekimbilia yowe.

Mpaka ulipochorwa

Ujuzi ulipunguaje? Sehemu kubwa ya jibu iko katika historia ya mpaka wa msitu. Mwaka 1921 serikali ya Waingereza iliutangaza msitu wa Kilimanjaro kuwa hifadhi ya msitu, ikiendeleza ulinzi ulioanzishwa na Wajerumani. Mwaka 1941 ukatengwa ule ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuingia ndani zaidi. Mwaka 1973 sehemu ya juu ya mlima ikawa Hifadhi ya Taifa, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2005 msitu wenyewe nao ukaunganishwa na hifadhi.

Ulinzi huo ulikuwa wa lazima. Watu waliongezeka, mikulo na mipodo ilikatwa mbao, na bila sheria huenda leo tusingekuwa na msitu wa kuzungumzia. Lakini kila hatua ya mpaka ilikuwa na gharama ambayo hakuna aliyeiandika kwenye hesabu. Kijana aliyezaliwa baada ya mpaka aliujua msitu kama mahali pa kukatazwa. Wapagazi na waongoza wageni waliendelea kuujua, kwa sababu ndiyo kazi yao. Wengine, hasa watoto wa shule, walianza kuutazama mlima kwa mbali kama mtalii anavyoutazama, tena mtalii yeye hulipia apelekwe.

Shule zilijaribu kuziba pengo. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, kila shule ilikuwa na shamba, na watoto wengi wa kwetu walipanda miti. Kuanzia miaka ya 1980 zikaja klabu za Malihai mashuleni, zikawafundisha watoto kuhusu wanyama na hifadhi. Kazi hizo zilikuwa njema. Hata hivyo, kupanda mti ni somo moja, na kukaa salama mahali ambapo miti inaungua ni somo jingine.

Upande wa pili wa mlima: Loitokitok

Wakati huku kwetu elimu ya msituni ikififia, upande wa kaskazini wa mlima huu huu elimu ya namna hiyo ilikuwa ikianzishwa upya kwa sura nyingine. Katikati ya miaka ya 1950, Loitokitok, upande wa Kenya, ilifunguliwa shule ya mlimani ya Outward Bound. Vijana kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki walikusanywa pale, wakakimbia asubuhi, wakavuka mito kwa kamba, wakalala nje, na mwishoni wakapanda Kilimanjaro. Ramani za mlima bado zinaionyesha njia iliyobeba jina la shule ile.

Asili ya shule hizo ni ya kuzingatiwa na kila mzazi. Outward Bound ilianzishwa mwaka 1941 huko Aberdovey, nchini Wales, katikati ya vita. Mabaharia vijana wa meli za biashara walikuwa wakifa baharini baada ya meli zao kuzamishwa, wakati wengine waliokuwa na umri mkubwa na uzoefu wakiokoka katika mitumbwi ile ile. Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, akashirikiana na mwalimu Kurt Hahn, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, kuanzisha mafunzo ya mwezi mmoja ya kuwaandaa vijana kwa hatari kabla ya kwenda baharini. Waliona kwamba nguvu za ujana peke yake hazimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni kujua la kufanya, kumwamini mwenzake, na kuwa amewahi kuchoka na kulowana mahali ambapo kosa dogo halimuui.

Hahn alikuwa na jambo jingine linalotuhusu. Katika shule yake ya Gordonstoun, Scotland, wanafunzi walikuwa na kikosi cha zimamoto na cha uokoaji mlimani, nao walihudumia majirani wa shule. Kwake yeye kijana hakujengwa kwa mazoezi tu. Alijengwa kwa kujua kwamba ujuzi wake unahitajiwa na watu wa karibu. Mzee yeyote wa mfongo angemwelewa bila mkalimani.

Somo lililolipiwa kwa uhai

Pamoja na hayo, kuwapeleka vijana kwenye moto si jambo la kushabikia. Historia inatuonya, na onyo kubwa kabisa linatoka katika mlima wa mbali wenye majani kama yetu.

Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch jimboni Montana, Marekani, askari wa moto wa misitu 15 walirushwa kwa miavuli kwenda kuzima moto ulioonekana wa kawaida. Walikuwa vijana wenye afya. Mmoja wao, Robert Sallee, alikuwa na umri wa miaka 17. Wakiwa wanateremka kuelekea mtoni, moto ulivuka ukawatokea mbele, wakalazimika kugeuka na kukimbia kupanda mteremko wenye majani makavu. Hakuna binadamu anayeshinda moto katika mbio za kupanda. Miale hukausha na kuyachemsha majani ya juu kabla haijayafikia, na upepo wa mchana husukuma kutoka bondeni kwenda juu.

Kiongozi wao, Wagner Dodge, alifanya jambo lililowashangaza. Alisimama, akawasha kiberiti, akachoma majani yaliyokuwa mbele yake, kisha akaingia kwenye majivu na kulala kifudifudi, akiwaita wenzake wamfuate. Moto mkubwa ulipofika ulikosa cha kuteketeza mahali pale, ukampita. Wenzake hawakumfuata. Hawakuwahi kufundishwa mbinu ile, na mtu anayekimbizwa na moto hawezi kuelewa kwa nini kiongozi wake anawasha mwingine. Watu 13 walikufa, wakiwemo 12 wa kikosi kile na mlinzi mmoja wa msitu aliyekuwa ameungana nao. Sallee na mwenzake mmoja walipenya kwenye ufa wa mwamba juu kileleni wakapona. Dodge naye alipona katika majivu yake.

Agizo la Dodge lilikuwa sahihi, lakini lilichelewa, kwa kuwa lilitolewa siku ya moto.

Baada ya vifo vile na vingine, mwaka 1957 Wamarekani waliandika kanuni kumi za kuzima moto wa msituni. Mwaka 1991 mkongwe wao mmoja, Paul Gleason, akazifupisha katika mambo manne ambayo hata mtoto anaweza kuyashika: awepo mlinzi wa kuutazama moto, yawepo mawasiliano, ziwepo njia za kutorokea, na liwepo eneo salama. Ikikosekana moja, kazi haianzi.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini ilianzisha mwaka 2003 mpango uitwao Working on Fire, unaowachukua vijana wasio na ajira kutoka jamii maskini, kuwafundisha kuzima moto wa nyika na misitu, na kuwapa sare na posho. Hao ni vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Wamefundishwa kwanza, wakapewa vifaa, ndipo wakapelekwa kazini. Utaratibu huo ndio tunaoutaka na sisi.

Oktoba 2020

Sasa turudi nyumbani. Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, mahali pa mapumziko katika njia yetu ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za TANAPA zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha moto chakula cha wageni. Ulikuwa wakati wa kiangazi, upepo ulikuwa mkali, na vichaka vya erika, ile miti yenye majani membamba kama sindano, vilishika kama vile vimemwagiwa mafuta ya taa. Usiku, kutoka Moshi mjini, watu waliona mstari mwekundu ubavuni mwa mlima. Moto uliendelea kwa zaidi ya wiki, na kwa taarifa ya serikali uliunguza takriban kilomita za mraba 95.

Waliokwenda kuuzima walikuwa askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, waongoza wageni, wapagazi, na mamia ya wananchi wa vijiji vya mlimani. Walikwenda na mapanga, majembe na matawi. Walilala katika baridi ya juu ya mita 3,000. Heshima yao haitafutika. Mwaka 2022, mwezi huo huo wa Oktoba, moto ulizuka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, na yowe likapigwa tena.

Tujiulize kwa uaminifu. Katika mamia wale, wangapi walikuwa wamefundishwa kwamba hawapaswi kusimama juu ya moto kwenye mteremko? Wangapi walijua kwamba jaketi la nailoni huyeyuka na kugandia ngozini? Wangapi walijua kwamba udongo wa kule juu, uliojaa mizizi na majani yaliyooza, huungua chini kwa chini, na moto uliouacha ukidhani umezimika huibuka kesho yake nyuma yako? Walikwenda kwa moyo. Moyo tunao, na hatuna haja ya kuuchangia fedha. Kinachohitaji fedha ni mafunzo.

Kwa nini jambo hili ni la maji

Huenda ndugu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza akasema kwamba moto wa mita 3,000 ni wa hifadhi, na hifadhi ina serikali. Tunamwomba azingatie utafiti wa Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeufanyia mlima huu kazi kwa miaka mingi. Mwaka 2005 alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba tangu mwaka 1976, hali ya hewa ilipozidi kuwa kavu, moto umeusukuma mpaka wa juu wa msitu ushuke kwa mamia ya mita. Alisema wazi kwamba madhara ya jambo hilo ni makubwa kuliko ya kuyeyuka kwa theluji ya Kibo, ingawa dunia nzima inaililia theluji.

Sababu yake inaeleweka kirahisi kwa anayeujua ukungu wetu. Msitu wa juu, pamoja na zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi, hushika maji ya ukungu, nayo hudondoka na kuzama ardhini hata siku isiyo na mvua. Ukiungua, pakibaki majani mafupi, ukungu hupita ukaenda zake. Yale yaliyokuwa yakishikwa hayafiki tena kwenye chemchemi, wala kwenye mfongo, wala kwenye bomba la zahanati. Vijiji vya tambarare, ambako mito yetu inaishia, huumia kabla yetu.

Nini kifundishwe, na kwa nani

Pendekezo lililo mbele ya mkutano wa Desemba ni mafunzo ya nje kwa wanafunzi wa sekondari, wavulana kwa wasichana, wakati wa likizo, kwa idhini ya maandishi ya mzazi, na chini ya wakufunzi wenye sifa, kwa kushirikiana na wenye mamlaka ya msitu na zimamoto. Wasichana wamo kwa makusudi, kwa kuwa kuni na majani ya ng'ombe huchukuliwa zaidi na kina mama na mabinti, nao mara nyingi ndio wa kwanza kuuona moshi.

Masomo ni matano. La kwanza ni kuusoma moto: joto, hewa na kuni, na jinsi mteremko, upepo na ukavu vinavyoubadilisha. La pili ni usalama: mambo manne tuliyoyataja, pamoja na kutoa taarifa mapema, kwa uongozi wa kijiji, kwa askari wa hifadhi na kwa namba 114 ya Zimamoto. La tatu ni kazi ya mikono: kufyeka na kukwangua njia ya moto hadi udongo mtupu, na kulinda mabaki mpaka majivu yapoe kabisa. La nne ni kuishi msituni: kujikinga na baridi na mvua, kutambua kuumwa kunakoletwa na kupanda juu mno na kumteremsha mgonjwa bila kubishana, na kutulia mahali pamoja na kupuliza filimbi unapopotea. La tano ni huduma ya kwanza: aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Tuseme wazi ili pasiwe na mzazi wa kuhofu. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hatapelekwa kuzima moto. Atafundishwa kuuzuia, kuutambua, kuutolea taarifa na kuukimbia ipasavyo, na atafanya mazoezi ya kutengeneza njia za moto wakati hakuna moto. Akitimiza miaka 18, na akitaka, ataingia katika kundi la kujitolea akiwa tayari anajua. Wazee wanaojua mapito, mito na mizinga wataombwa kuja kufundisha siku moja moja, maana yapo mambo ambayo mkufunzi wa mjini hawezi kuyajua. Warina asali nao wataonyeshwa bomba la moshi badala ya kubeba mwenge wa moto mkononi.

Ombi letu

Fungu hili linahitaji viatu vigumu, glavu, kofia ngumu, nguo za pamba, majembe, reki, vipigio vya moto, redio za mkononi, filimbi, masanduku ya huduma ya kwanza, chakula cha kambini na posho ya wakufunzi. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye vifaa alete vifaa. Ndugu mlio katika udaktari, uuguzi, jeshi, misitu na utalii, siku mbili za likizo yenu ya Desemba ni mchango mkubwa kuliko mnavyodhani. Mhazini atapokea ahadi kabla na baada ya mkutano, na kila mchango utasomwa hadharani na kukatiwa stakabadhi.

Mababu zetu walikuwa na sheria kwamba nyumba isiyotoa mtu wa kazi ya mfongo italipa faini. Leo hatumtozi mtu faini. Tunamkumbusha tu kwamba maji anayoyakuta bombani anapokuja Krismasi yanatoka kwenye msitu ule ule, na kwamba kiangazi kijacho, yowe likipigwa, watakaokimbia kwenda ni watoto wa ndugu zake.